Ramani ya Chumba cha Ndani

Mkomani, Lamu
3 Mei 2025

Mwanangu Hayat,

Assalamu alaikum. Mimi mzima, ila goti. U hali gani wewe, na watoto, na mumeo Hamdu? Kamba wa baharini wapatikana huko Kizingitini?

Nakuandikia kwa sababu simu siiamini tena. Nikizungumza humu ndani ukuta hunyamaza kama mtu anayesikiliza. Usicheke. Tangu Bi Radhiya auze nyumba yake akahamia bara, mtaani nimebaki mimi na nyumba tisa zilizofungwa kufuli. Wenyewe wapya waja wiki mbili kwa mwaka. Na kila alasiri, upande wa kwa Radhiya, hugongwa mara tatu, pale pale penye kitanda changu. Niliita, "N'nani?" Mlinzi wao, Wanyama, aapa kwa Radhiya hamna mtu.

Nyumba hii ni yako, nilikupa siku ya harusi kama mama alivyonipa mimi. Nataka kufia humu tu. Njoo tukae pamoja, japo siku mbili.

Mamako, Nana

Mkomani
28 Mei 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hukujibu, pengine mashua zimechelewa.

Jana nilimpelekea Wanyama mkate wa mofa, nikaona karatasi kubwa imebandikwa ukutani. Ramani. Hayat, ni nyumba yetu! Chumba cha ndani ulimozaliwa, nilimomwosha bibi yako alipofariki, ambamo mwanamume wa nje hajatia mguu, kimechorwa chote mpaka ufa wa nyuma ya kabati. Kitanda changu hakimo. Pamechorwa mlango pale panapogongwa.

Nimechoma ubani, nimewaita walimu wamesoma Yasini. Wasema ni jini. Naogopa, mwanangu. Hata mchana nawasha taa.

Mamako

Kizingitini
14 Julai 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Goti laendeleaje?

Barua zako zote nilizipata, jibu ndilo lililonishinda. Mama, hakuna jini. Idd ile niliposema napima mapazia, nilikuwa nampimia dalali. Mashine ya mashua imekufa, Hamdu hana kazi, na nyumba iko kwa jina langu. Nimetia sahihi ya kuwauzia hao walionunua kwa Radhiya, waunganishe nyumba mbili. Hapa kwangu nimekutengea chumba, kina dirisha kubwa. Nakuomba utoke kabla ya Oktoba.

Lakini hizo hodi, wallahi, sizijui. Mafundi hawajafika.

Nisamehe.
Mwanao, Hayat

Mkomani
2 Agosti 2025

Mwanangu Hayat,

Waalaikumu salaam. Goti ni lile lile, ahsante kwa kuuliza. Wabusu watoto.

Walimu walirudi juzi kumaliza kisomo, nikawapa kahawa nikawaambia wasijisumbue. Ukuta wagongwa hata sasa nikiandika. Hao wanaogonga siwaogopi tena.

Huko kwako siji. Hao wenye ramani wakija watanikuta kitandani.

Jini husomewa likatoka. Wewe, mwanangu, nikusomee nini?

Ni mimi, ningali mamako.