Leo nimemzika baba tena, huko Kakuma

Lodwar, Alhamisi, mwezi wa pili 2013. Jioni.

Leo jua imechoma mpaka kuku zimekataa kutembea. Upepo ya mchanga imeingia kwa sufuria, kwa masikio, hata kwa hii simu. Huko barabarani magari ya kampeni inapita na vipaza sauti, kila mmoja anatuahidi maji. Siku ingine ningekuwa nje saa hii nikisikiza nani amehamia upande gani, niwaambie wateja wangu wa chai kabla gari haijakata kona.

Leo sina hamu.

Mimi ni mtu wa mdomo, hiyo sifichi. Shule niliacha darasa la nne, lakini habari ya Lodwar nimesoma mpaka yunivasiti. Msichana wangu Akiru ndiye alinifungulia hii shajara ya mtandao kwa simu, akaniambia, "Mama, andika tu vile unaongea." Basi naandika vile naongea. Wenye Kiswahili safi mtanivumilia.

Wacha niseme ile kitu iko kwa roho. Baba yangu alikufa miaka tatu iliyopita. Alikufa mara moja tu, kama watu wote. Lakini mama yangu amefiwa naye mara nyingi sana, na karibu kila mara ni mimi nimemwambia.

Mama naishi naye hapa. Ako na ule ugonjwa wa kusahau, wa wazee. Ilianza kidogo kidogo. Anawasha moto, halafu anauliza nani amewasha. Anatoka kutafuta mbuzi zilimalizwa na kiangazi zamani. Na asubuhi akiamka ananiuliza, "Baba yako ako wapi?" Mimi nilikuwa namjibu, "Mama, baba alikufa." Nilijua ukweli ni kitu nzuri. Watu wakiniita mmbea, hiyo ndiyo mimi hujitetea nayo: sijawahi kutunga uongo ya mtu, mimi nasema tu yale yako.

Kwetu Waturkana mwanamke akifiwa na bwana anatoa shanga zake. Zile za shingoni, zimepangana mpaka kidevu inashindwa kuinama. Hizo hazitolewi ovyo, mtu analala nazo. Mama alizitoa baba alipokufa, akaomboleza vile inatakiwa, ikaisha, akavaa tena. Lakini nikimwambia baba alikufa, yeye anasikia kama ni leo. Mkono unaenda kwa shingo, anaanza kutoa moja moja. Na akishatoa hakuli. Siku mbili, siku tatu. Mabega yake sasa ni mifupa tu.

Mwaka jana watu wa utafiti walifika mtaa wetu. Walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza wazee maswali, wajue ni wangapi wako na hii shida na nani anawachunga. Walikuja na Nesi Nekesa, mama mmoja mnene wa Bungoma, mcheshi, anacheka mpaka viti inalia. Mimi ndiye nilikuwa natafsiri kwa mama, kwa sababu Kiswahili hajui. Mwenye karatasi akauliza, huu ni mwaka gani? Mama akasema ni mwaka ule mto Turkwel ilifurika ikabeba mbuzi. Mwenye karatasi akaandika sifuri.

Wacha niwake! Nikamwambia mama yangu hata akiwa na akili yake yote hajawahi kujua namba ya mwaka. Kwetu mwaka iko na jina.

Nesi Nekesa akacheka, akaniita kwa jina ya kifungua mimba wangu. "Mama Ewoi ako sawa. Futa hiyo." Akasema hayo maswali yalitungwa kwa watu wengine, wao ndio wamekuja kujifunza vile watu wa huku wanafaa kuulizwa. Basi akamuuliza mama juu ya mbuzi zake. Mama akaanza kutaja: yule mweupe wa masikio nyeusi, yule wa kahawia wa pembe moja, kila mmoja na mama yake aliyemzaa. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi. Halafu nikakumbuka hizo mbuzi zote hakuna hata moja iko hai.

Wakamuuliza, na huyu ni nani? Wakanionyesha mimi.

Mama akaniangalia sana. Akasema, "Huyu ni mtu wa kuongea sana."

Nilitafsiri, wakacheka, na mimi nikacheka. Nikaenda kumalizia kucheka nyuma ya nyumba, na ile machozi haikuwa ya kucheka.

Nesi ndiye alinifundisha. Akasema mama akiuliza baba, usimwambie kifo. Mwambie ako malishoni, halafu muulize mzee alikuwa mtu wa aina gani, umwache aongee. Nikamwambia, "Nesi, si hiyo ni uongo?" Akaniambia, "Mama Ewoi, unataka kushinda kesi ama unataka mama yako akule?"

Nimejaribu, Mungu anajua. Siku ingine naweza. Siku ingine mdomo inanitangulia, nashtukia neno limeshatoka. Lakini huu mwezi nilikuwa nimeshika. Wiki tatu baba ako malishoni. Mama anakunywa uji, anamaliza, anaomba ingine.

Wiki tatu!

Na ni huyo nesi alisema mdomo yangu inaweza kufanya kazi. Akanifanya mtu wa kuita watu kwa mikutano ya kufundisha juu ya hii ugonjwa, na kutafsiri. Nilikubali mbio, na sababu yake si nzuri. Kabla hii ugonjwa haijafika kwangu, kulikuwa na mama mzee hapa mtaani alikuwa anapotea njia, anaingia nyumba za watu. Mimi ndiye nilisema hapo kwa chai yangu kwamba amelaaniwa. Neno likatembea kuliko pikipiki. Watu wakaacha kupita kwake. Alikufa bila mtu wa kumsalimia hata ile ejok yetu. Hiyo nimeandika leo mara ya kwanza.

Basi leo asubuhi tumeenda Kakuma na gari yao. Sikuwa na mtu wa kuachia mama, nikambeba. Nesi akasema sawa, akae mbele aone njia. Mama akafurahi, akawa anasalimia ngamia.

Mkutano ilikuwa kwa kanisa ya mabati. Watu walijaa: mama zetu wa Kiturkana na shuka zao, wazee wachache huko nyuma, na mama mmoja Mkongo wa kutoka kambi ya wakimbizi. Mama nikamketisha kwa mkeka hapo karibu na miguu yangu, nikampa tumbaku yake, akatulia.

Yule Mkongo ndiye alianza. "Mama, siye kule tulikuwaka tunasema wazee wa hivi ni walozi. Kumbe ni ugonjwa?"

Nesi akasema, "Ni ugonjwa ya ubongo, mama. Hakuna mchawi hapo."

Nikatafsiri. Mzee mmoja huko nyuma, wa kofia ya manyoya, akaniita: "Wewe msichana! Huyo nesi amesema maneno mafupi, mbona yako imekuwa ndefu kama safari ya Lokiriama? Umeongeza chumvi?"

"Kidogo tu, mzee. Kwani wewe kwako unakula bila chumvi?"

Kanisa yote ikacheka. Na hapo ndipo niliharibika. Mimi watu wakicheka nanenepa. Lakini watu wakinyamaza wakinisikiza, hapo nalewa.

Nesi akasema kwa Kiswahili chake, pole pole: usimkumbushe mgonjwa kifo kila siku, kwa yeye inakuwa mpya. Basi. Ni hayo tu. Mama hayo hayakumgusa, alikuwa anachezea ncha ya shuka.

Mimi nikageuza kwa Kiturkana. Na nikaweka mfano.

Nikasema, kwa mfano mama yangu huyu. Nikawaambia vile baba aliugua, vile tulimbeba, nani alileta habari, tulimzika upande gani ya nyumba. Nikawaambia vile mama akisikia anatoa shanga. Hakuna mtu alikohoa. Mimi nikaona leo nimefundisha. Nilikuwa nasema usiwaambie, usiwaambie, na nilikuwa namwambia.

Nikasikia hapo chini, sauti ndogo.

"Amekufa lini?"

Sikugeuka haraka. Nilikuwa najua.

Nilipogeuka mkono ulikuwa tayari shingoni. Vidole yake haina nguvu, anavuta tu. Mama mmoja mzee wa hapo Kakuma, hatumjui, hatujui sisi, akainuka akaja kukaa na yeye kwa mkeka. Hakumwambia ni zamani. Hakumwambia nyamaza. Akamsaidia kufungua, uzi moja baada ya ingine, zisikatike. Wengine wakaja. Wakaanza kulia ile kilio ya kwetu, kama mzee amelala hapo mbele yao, kwa sababu mwanamke akitoa shanga huwezi kumwacha alie peke yake, hata kama umeambiwa saa hii kwamba ni ugonjwa. Yule mzee wa kuchokoza alivua kofia yake.

Nesi Nekesa akanishika mkono. "Mama Ewoi, wanasema nini?"

Sikuweza kutafsiri. Mimi! Mdomo ilikuwa wazi na hakuna kitu inatoka.

Yule mama mzee ndiye aliniletea shanga, amezifunga kwa kitambaa. Akaniambia, "Mtoto, wewe Mungu alikupa mdomo, akasahau mlango." Halafu akanishika kichwa na mkono yake yote mbili, vile unashika mtoto wako. Heri angenipiga.

Tukaanza kurudi. Nilikaa na mama nyuma, kichwa yake kwa bega yangu. Shingo yake bila shanga ni ndogo, nyeupe nyeupe, kama ya mtu mwingine. Tulipofika karibu nusu ya njia, akawa ameshasahau. Nilijua kwa sababu aliuliza kama tunaenda sokoni. Lakini machozi ilikuwa bado inatoka. Akajipangusa, akaangalia ile maji kwa mkono yake. Akaniuliza kwa adabu, vile unauliza mtu mgeni:

"Mimi nalia nini?"

Nesi akageuza uso kwa dirisha.

Nikamwambia ni vumbi.

Tumefika nyumbani, nimemketisha kwa ngozi yake ya kulalia. Akatafuta shingo. "Shanga zangu?" Nikasema nilizitoa nizipake mafuta. Uongo ya pili, na ikatoka laini, hata mimi nilishangaa. Nikampaka mafuta, nikamrudishia moja moja, kwa kufuata vile alikuwa amezipanga, ya bluu chini, nyekundu juu. Imechukua muda. Uji amekunywa nusu kikombe. Nesi amepiga simu kuuliza, nikamwambia nusu. Akasema nusu ni nzuri. Akasema pia mkutano haikuharibika, ati wale mama wa Kakuma wameomba turudi.

Sasa mama amelala upande, anahema vizuri. Na mimi nataka kumwomba msamaha. Nataka kumwambia mama, nisamehe, leo nimekuumiza mbele ya watu na nilikuwa najisikia mwalimu.

Lakini atauliza, umenifanya nini? Na hakuna njia ya kumjibu bila kumuua baba tena.

Kwa hivyo msamaha sitaomba. Sitaomba kamwe. Ndiyo maana nimeandika hapa, kwa watu wenye hawanijui.

Asubuhi ataamka, ataniuliza baba yako ako wapi. Nitasema ako malishoni. Atauliza atarudi saa ngapi. Nitasema jioni. Mimi, mwenye hajawahi kulala na neno la mtu tumboni hata siku moja, hili langu mwenyewe nitalibeba mpaka lini?