Kipande cha Mkwaju Kisichopimwa

Golbanti,
7 Juni 1998

Kwa ndugu yangu Levis,

Salamu za nyumbani. Sisi wazima, mafuriko yamerudi mtoni na mahindi yameanza kuota. Je, homa yako?

Nakuandikia kwa ajili ya baba. Tangu tumzike Machi amenijia ndotoni mara tatu, nguo zimelowa, anauliza, "Kadii, mnaniacha nisimame wapi?" Anataka koma yake, kigingi cha kumkumbuka kama walivyosimamishiwa wazee wake. Mchongaji yupo. Nitafutie mti mgumu usioliwa na mchwa, maana huku maji hayakuacha kitu.

Dadako,
Kadii

Wema,
21 Juni 1998

Dada mpendwa,

Homa imeondoka, namshukuru Mungu. Bado tunapima msitu. Tunaizungushia miti utepe usawa wa kifua, na michache tunaiangusha, tunaikata na kuipima yote kwenye mizani, hadi majani, ili watafiti wajue msitu umeshika kaboni kiasi gani. Mwenzangu Roba husoma mizani, na mkuu wetu Bwana Wario huandika.

Duba wa lori la mbuzi anakuletea kipande cha mkwaju, urefu wa mkono wangu. Usimwulize mtu kimetoka wapi. Unakumbuka baba alivyokuwa akigonga mti kwa mgongo wa panga na kusikiliza kabla ya kuukata? Nami niligonga.

Mdogo wako,
Levis

Wema,
26 Julai 1998

Dada Kadii,

Watoto hawajambo? Mimi mwili mzima, moyo hapana. Duba kaniambia koma imesimama na baba ametulia.

Dada, kile kipande nilikificha kichakani kabla hakijapimwa. Kuomba nilishindwa. Kambini mimi ndiye ninayeombea chakula. Roba huniita Pasta. Ningesemaje mbele yao kwamba nataka mti wa koma?

Sasa Bwana Wario amejumlisha urefu wa vipande vyote, shina halitimii. Akamuuliza Roba, "Ulilala kwenye mizani?" Roba akajibu, "Kulala nimewahi, bwana, lakini si siku hiyo." Hakuaminiwa. Sasa anachota maji, na mwisho wa Agosti anarudishwa kwao. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nikanyamaza.

Tafadhali, azima mizani kwa wauza samaki, ukipime, uniandikie kilo. Nitasema nilikisahau kichakani.

Nduguyo,
Levis

Golbanti,
2 Agosti 1998

Levis,

Hatujambo, ila watoto wana kikohozi. Unajua koma haing'olewi. Baba amekwisha kusimama. Nimlaze kwenye mizani kama kambare? Na hata ningethubutu, mchongaji alikipunguza kikabaki nusu, na vibanzi nilipikia sima.

Aibu hii ni yetu wawili, maana mimi ndiye niliyeagiza. Lakini kwa Roba nenda mwenyewe. Sema yote, na koma uitaje. Baba hakuwahi kumwachia mtu mzigo wake.

Dadako,
Kadii

Wema,
23 Agosti 1998

Dada yangu Kadii,

Natumaini kikohozi cha watoto kimepoa.

Nilisema, wakati wa chakula, wote wakiwepo. Roba hakucheka. Alisema tu, "Pasta, ungeomba tungekipima kwanza, kisha ukachukua. Dakika mbili." Bwana Wario akaniuliza kama baba aliugua muda mrefu. Afadhali angenitukana.

Kisha akafungua daftari, akaufuta kwa mstari mti ule wote, shina, matawi na majani. Kipande kimoja kikikosekana, mti mzima hauhesabiki. Mkwaju uliozaa tangu kabla hatujazaliwa tumeuangusha bure.

Roba amerudi kwenye mizani. Mimi sikufukuzwa. Ila kesho lazima tuangushe mkwaju mwingine wa unene ule ule, na niliyeagizwa kuuchagua ni mimi. Nimezunguka na utepe tangu asubuhi. Upo mmoja tu. Nimeutia alama nyekundu, nikarudi kambini bila kutazama juu.

Mdogo wako,
Levis