Kura ya Baba

Kaka mpenzi,

Nakuombea uzima, wewe, wifi na watoto. Sisi tunapumua, ila mimi nimechoka hadi mifupani, kwa hiyo univumilie mwandiko.

Mji wetu mdogo sasa umemezwa wote. Jiji lilianza na soko, likageuza ofisi ya halmashauri kuwa stoo ya mabomba, kisha jina letu likafutwa kwenye vibao. Siku hizi sisi ni kata yenye namba tu. Juzi wakaleta habari ya barabara: inapita katikati ya makaburi. Ikabidi baba ahamishwe, na mdogo wetu pia.

Nilisimamia mwenyewe. Baba alipokwisha kulazwa upya, yule rafiki yake fundi saa, ambaye duka lake lilivunjwa na jiji, akasimama kuzungumza. Alisema tunamzika tena mwenyekiti aliyekataa kutuuza. Kwamba baraza lilipopiga kura ya siri kuhusu kujiunga na jiji, tulishindwa kwa kura moja tu, na hatujui hadi leo msaliti alikuwa nani. Unajua tulivyolelewa na hadithi hiyo.

Mama akanyanyuka kitini. Nilidhani anataka maji.

"Kura hiyo ilikuwa yake," akasema, akionyesha kaburi la baba.

Fundi saa akamwambia taratibu, "Shemeji, huo ni uchungu tu."

"Uchungu naujua," mama akajibu.

Akaeleza kwamba mwaka ule kisima chetu ndicho kilichomuua kitinda mimba wetu, pamoja na watoto wa majirani, na mabomba ya maji safi yalikuwa ya jiji peke yake. Baba alipinga mdomoni, akakubali kwenye karatasi, na hakupata ubavu wa kusema. Sifa zote mlizompa, alisema mama, alizimeza kama dawa chungu.

Fundi saa aliondoka bila kuaga. Watu wakatawanyika mmoja mmoja, nikabaki na mama na kaburi dogo la mdogo wetu, ambalo lilikuwa halijafukiwa. Sikuwa na nguvu hata ya kulia. Jua lilipopoa nikamwona fundi saa anarudi. Alivua koti, akanipokonya koleo, akaanza kufukia.

Mama anakusalimu sana, anaomba usimkasirikie baba. Mpe wifi mkono, wabusu watoto.

Ni mimi dada yako,
Kifungua Mlango