Namba Saba na Majani Machungu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya njema, wewe na wifi na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua unapopanda kilima na ng'ombe. Mimi ni mzima kupita kiasi. Tangu jana nacheka peke yangu, mpaka mwenzangu wa chumbani ameniomba nikuandikie haraka ili naye apumzike.

Unakumbuka nilivyokueleza kazi yangu hapa kwenye kituo cha utafiti wa mifugo, ukacheka mpaka ukakohoa? Ndiyo, bado nawavisha ng'ombe vikebe shingoni, kila kimoja na mrija wake wa puani, tukusanye pumzi yao. Ng'ombe akicheua hutoa gesi, na gesi hiyo ni miongoni mwa zinazoipasha dunia joto. Sasa tumepanda majani ya jamii ya kunde yanayoipunguza humo humo tumboni. Ulisema wasomi wamekosa kazi. Sawa, lakini sikiliza.

Shida ilikuwa uchungu. Nilionja majani yale nikatema mpaka machozi yakanitoka. Ng'ombe tuliowafungia kwenye malisho hayo walikula kwa kununa, wakiwatazama wenzao wa ng'ambo ya ua waliopewa nyasi za kawaida. Mkuu wa kituo, mama asiyependa maneno mengi, alituuliza ni mfugaji gani atapanda kitu ambacho ng'ombe wake hawakitaki. Akasema wakiendelea kukisusia, majani yote yatang'olewa na ng'ombe wote watauzwa kwa wachinjaji. Kaka, nilikosa raha kabisa, na sababu yake utaijua.

Wiki hii vipimo vikatoka. Kundi la nyasi lilikuwa na gesi tele kama kawaida, isipokuwa ng'ombe mmoja, Namba Saba. Yeye gesi yake ilikuwa kidogo ajabu! Fundi wa maabara akasema kikebe kimetoboka. Nikabadilisha kikebe. Akasema basi ni mrija. Nikabadilisha na mrija. Mwisho akaanza kunitazama mimi. Nikapandwa na hasira, nikabeba kiti nikaenda kumlinda huyo bibi malishoni.

Asubuhi nzima alijifanya mtakatifu. Nilipoinama kufunga kamba za kiatu, akaisukuma kwa bega nguzo ya ua iliyolegea, taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa kwake, akapita. Akayala yale majani machungu huku amefumba macho kwa raha! Aliposhiba akarudi kwenye nyasi zake, na nguzo ikasimama tena kana kwamba hakuna lililotokea. Nilipiga kelele za furaha mpaka mlinzi akaja mbio na rungu.

Mkuu alikuja kujionea mwenyewe. Akasema labda kosa letu ni kuwalisha machungu matupu, hata mtu angenuna. Jana akaamuru ua ung'olewe. Kaka, ungewaona! Wote walikula nyasi kidogo, machungu kidogo, wakirudi tena na tena bila kulazimishwa na mtu. Majani hayang'olewi tena, na hakuna ng'ombe anayekwenda kuchinjwa.

Sasa niambie, ni ng'ombe gani unayemjua anayesukuma nguzo kwa bega?

Ndiye, kaka. Ni Jambazi wako. Siku ile alipomaliza bustani ya jirani ukamuuza kwa hasira, ukasema hutaki hata kumsikia. Lakini wifi aliniambia kwamba jioni hiyo hukugusa chakula, ukasingizia jino. Lori la yule mnunuzi lilipita hapa wakati kituo kikitafuta ng'ombe. Nililiona lile sikio lililochanika, nikamsihi mkuu mpaka akamchukua. Nilikuficha kwa sababu uhai wake ulitegemea majani haya, na sikutaka umlilie mara mbili.

Mkuu anatafuta wafugaji wa kuzijaribu mbegu za majani haya, nami nimekutaja wewe. Kuhusu Jambazi, amesema hawezi kufanya utafiti na mwizi, nimwondoe. Lori litafika kwako Jumamosi na magunia ya mbegu, na yeye juu yake.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto, na mwambie jirani akaze ua wake mapema. Na lile jino, kaka, nadhani sasa litapona.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kidomodomo