Nyambizi ya Majina Mawili

Lanham, Maryland
9 Novemba

Dada yangu Edna,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji na watoto, na kwamba goti la mama limepata nafuu. Mimi ni mzima, ingawa baridi imekwisha kuingia.

Uliponipigia simu mara ya mwisho uliniuliza kama ni kweli nataka uraia wa Marekani, ukasema kwamba anayerudisha pasi ya Tanzania amemkana baba akiwa kaburini. Sikukujibu. Leo nitakujibu, ila kwanza niruhusu nikusimulie jambo ambalo tangu Jumamosi limeninyima utulivu kwa furaha.

Unajua kwamba kazi yangu kule Arlington ni utafiti wa historia ya meli za kivita. Kwa miaka kadhaa nimeifuatilia nyambizi moja iliyoundwa hapa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Iliwatumikia Wamarekani hadi mwaka 1973, kisha ikakabidhiwa jeshi la majini la Uturuki. Asubuhi ilishushwa bendera moja, adhuhuri ikapandishwa nyingine, na jina Sawtail likafutwa ubavuni kupisha jina Sarpdeniz. Huko ikatumika mpaka ilipozeeka na kukatwa kuwa chuma chakavu.

Jumamosi tuliwakutanisha wanamaji wastaafu wa pande zote mbili ili wakubaliane jina la kuchonga kwenye bamba la kumbukumbu. Walianza kwa kutaniana, utani wenye miiba. Mark, fundi wa injini wa Kimarekani, aliwaambia wageni kwamba wao waliiosha tu. Wakamjibu kwamba waliipokea ikivuja. Audrey, mkuu wangu, alikuwa amewapanga wasemaji kwa vyeo. Mimi niliyeshika kipaza sauti nikafanya kosa la mtu aliyelelewa Bukoba: niliwaruka maofisa wote, nikampa kwanza aliyewazidi umri, fundi wa Kituruki aitwaye Nurettin. Audrey alinitazama kama niliyemwaga chai juu ya ramani.

Nurettin, akitafsiriwa na mjukuu wake, alisema hana hoja kuhusu jina. Alikunja mkono wa shati, akaonyesha kovu juu ya kiwiko: bomba la moshi, pale penye njia nyembamba kati ya injini. Mark naye akakunja mkono wa shati lake. Kovu lake lilikuwa palepale.

"Hata mngeipa jina la mama mkwe wangu," akasema Nurettin, "bomba lile lingetuunguza vilevile."

Walicheka hadi wakafuta machozi. Bamba litabeba majina yote mawili.

Sasa jibu langu, dada. Ombi la uraia nililipeleka zamani bila kukueleza, na Ijumaa ijayo nitakula kiapo. Sheria ya kwetu hairuhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo pasi nitairudisha. Sitajificha nyuma ya mfano: nyambizi haikuulizwa, mimi nimeulizwa, nami nimekubali nikiwa na akili timamu. Lakini makovu yale yaliniondolea woga wa kukuambia. Kwenye usaili waliniuliza kama ningependa kubadili jina, maana wapo wanaofanya hivyo. Nilikataa kabla afisa hajamaliza swali.

Msalimie shemeji na watoto. Mama nitamwambia mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Respicius, mwana wa Kamugisha