Mzinga wa Veronika

Jumatatu, 9 Juni

Nimefagia uwanja, nimekunywa chai, nimewatazama nyuki. Kama kila siku. Ni wale wadogo wasiouma, ndani ya gogo ambalo marehemu mke wangu, Veronika, alilitundika chini ya paa la jiko. Hatukujaliwa watoto. Alichokiacha chenye uhai ni hicho tu.

Rehema amepiga simu tena. Anasimamia makumbusho ya viumbe pale Katesh. Jumamosi wana tamasha la wadudu, watoto na wazazi wao. Anauomba mzinga huu wa gogo. Nimeahidi kuufikisha keshokutwa, saa nane mchana.

Jumatano, 11 Juni

Nimefika Katesh saa nane kamili.

"Shikamoo, Mwalimu. Hata jioni ungeleta tu."

Nilimwitikia Rehema marahaba. Nilimfundisha darasa la nne hapa kijijini kwetu, Nangwa. Kila alipochelewa nilimsimamisha kwenye mlingoti wa bendera. Siwezi kuchelewa mbele yake.

Lakini nyuki huhamishwa jua likishazama, wote wakiwa ndani. Veronika alilisema hilo mara nyingi. Nililijua. Niliziba tundu kwa kitambaa saa saba, jua likiwaka.

Alhamisi, 12 Juni

Wale waliokuwa nje walirudi jana, wasikute mzinga. Wamejikusanya ukutani, pale pale palipokuwa na gogo. Baridi ya Juni haina huruma. Leo asubuhi wengi wako chini, wamekufa.

Jirani yangu Gidamuda, mfugaji, alikuja na fimbo yake, akatazama.

"Mwalimu, umehamisha boma ng'ombe wakiwa machungani!" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaelekeza fimbo ukutani. "Lirudishe, mzee mwenzangu. Hawa hawana siku mbili."

Nina hasira. Si naye. Nikiurudisha mzinga, navunja ahadi, na watoto wameshaambiwa. Nisipourudisha, nawaua nyuki wa Veronika.

Ijumaa, 13 Juni

Nilikwenda Katesh nikamweleza Rehema yote, bila kupunguza. Aliziba mdomo kwa mtandio.

"Mwalimu! Sasa nikusimamishe kwenye mlingoti?"

Nikasema ingekuwa haki. Akaona sitanii.

"Chukua nyuki wako. Ila kesho uje uwaeleze watoto mwenyewe."

Nilikaa kwenye benchi nje ya makumbusho, karibu na mzinga, toka saa tisa. Sikutazama saa. Jua lilipozama, nyuki wa mwisho akaingia, nikaziba tundu. Kabla ya chakula cha jioni mzinga ulikuwa mahali pake, tundu wazi. Ukutani wamebaki wachache, kiasi cha kiganja. Sijui kama wamo walio hai.

Jumamosi, 14 Juni

Niliondoka alfajiri. Kulikuwa na ukungu, hakuna nyuki aliyetoka. Nimeondoka bila kujua kama wale wa ukutani waliingia.

Tamasha lilijaa. Dundu waliviringisha samadi kwenye karai, watoto wakiwashangilia kama mpira wa miguu. Vunjajungu alitembea juu ya mkono wa mama mmoja, naye akapiga kelele kuliko mwanawe. Meza yangu ilikuwa tupu. Nilisimama nyuma yake.

Msichana mdogo aliuliza, "Babu, nyuki wako wamekukimbia?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyewakimbia."

Nikawaeleza: nyuki aliye nje hujua mahali tundu la kwao lilipo, na hurudi hapo hapo hata mzinga ukihamishwa. Nikasema nilijua hivyo, na bado nilikosea, kwa sababu sikutaka kuchelewa. Miaka yote darasani sikuwahi kusema nimekosea. Walisikiliza kwa utulivu. Rehema alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka.

Nilirudi jioni. Ukuta ulikuwa mtupu. Niliinama nikatafuta chini. Wale wa Alhamisi tu, wamekauka.

Jumapili, 15 Juni

Jua limechomoza safi. Nilikaa kwenye kigoda cha Veronika, chini ya mzinga. Ilipopata saa tatu akatoka mmoja. Halafu watatu. Halafu wakaanza kurudi na chavua miguuni, wakiingia bila kusita. Wamepungua. Wanafanya kazi.

Kengele ya kanisa ililia. Nikasema nimtazame huyu mmoja tu.

Niliingia kanisani wimbo wa pili ukiimbwa. Sikutafuta nafasi. Nilisimama nyuma, karibu na mlango, hadi mwisho wa ibada.