Mikono Mbili ku Mwiko Moja

Bukavu, mu Kadutu

Maman Nyota, bibi yangu,

Mbele ya kukuamkia nikuambie hivi: bote banakudanganya. Ndugu yako Kilosho anadanganya, shofere aliyebeba maneno yake anadanganya, na bale bamama ba ku kisima, benye kuongeza chumvi kila asubui, bale njo kabisa. Hii habari ya Papa Nyota na mwanamuke wa Bukavu, hakuna hata mutu moja kule Mwenga anaisimulia vile ilipita. Mwenye kuijua ni miye, juu miye njo nilikuwa pale, na mwiko ilikuwa mu mukono yangu.

Sasa jambo. Jambo sana, tena sana. Mugongo yako inasema nini na hii baridi? Ile mbuzi nyeupe ilizaa, ao ingali inatuchezea? Nyota na bwana yake bako bazima? Miye niko muzima, meno ingali inatosha kwa muhindi ya kuchoma. Nguvu pia iko: juzi ku salongo, ile kazi ya batu bote ba mutaa, nililima mutaro mupaka bavijana bakaniomba nipumuzike, juu nilikuwa nabapatisha haya. Kalamu tu njo inanishinda. Unajua masomo yangu iliishia ku katekisimo, na mukono yenye kuzoea volani ya kamyo haipendi kitu ndogo hivi. Ukiona herufi zinapinda, ujue ni barabara ya Mwenga nilichora.

Maneno yako ilinifikia. Shofere alisimamisha kamyo mbele ya nyumba, batu bakiwa bengi, akasema na sauti yote: "Papa Nyota! Bibi yako anasema, kama ulipata mwenye kukupikia, ubakie kwake. Yeye anarudi kwa bandugu zake mbele ya mavuno!" Batu ba Kadutu bakacheka mupaka mbwa ya jirani ikaamuka. Miye pia nilicheka, juu mwanaume halie mbele ya kamyo. Lakini usiku ule ule nilitafuta kalamu. Basi umupe Nyota akusomee pole pole, na asiruke kitu.

Unajua vile kompani ilinifanya. Siku ya mwisho ya kazi balinipa abacost moja, ile koti ya bakubwa, kubwa namna ile, miye na weye na mbuzi tungeingia bote. Bakapiga makofi, bakafunga mulango. Kesho yake nikaamuka sawa siku zote, nikanawa, nikavaa, nikafika ku mulango ya kompani. Kamyo yangu ikatoka na mutu mwingine ndani, anakwaruza vitesi, zile gia, sawa anasaga mihogo. Ile kamyo ya majani ya chai, yenye nilipitisha mu mutope kwenye hata tembo inapita na fimbo! Nikaketi karibu na sentineli, mulinzi wa mulango. Kesho vile vile. Kesho kutwa vile vile. Sentineli akachoka.

"Citoyen, unangojea nini?"

"Nangojea kamyo irudi."

"Na ikirudi?"

Nikakosa jibu. Miye, Maman Nyota! Miye mwenye nilikuwa najibu basoda ku barrière ya barabara hata mbele bamalize kuuliza. Nikarudi ku nyumba, nikaketi ndani ya abacost yangu sawa punje moja ya haragi mu mufuko.

Kufika dimanshi, pasta akatuambia ku kanisa: kuko mugonjwa ku hospitali, mutu wa Shabunda, muchimba-zahabu, mawe ilimuangukia ku muguu. Balimuleta na kamyo, bakamuacha, bakarudi. Hapa hana mama, hana bibi, hana dada. Na unajua vile iko: hospitali inatoa kitanda na dawa, lakini kula na kuoga ni kazi ya batu ba mugonjwa. Mwenye hana garde-malade, mutu wa kumuchunga, anakula harufu ya sufuria ya bengine.

"Bapapa, tumuombee," pasta akasema.

Tukaomba. Tuliomba muzuri sana, kila mwanaume na sauti yake. Papa Mutambala, ule mushona-nguo, alilia mupaka kola ikalowana. Pasta akangoja tumalize.

"Amina," akasema. "Sasa nani anajua kupika?"

Bapapa bote bakaanza kuangalia viatu zabo. Bamama nabo, bako na bagonjwa babo, bako na soko, na nani ataenda kuogesha mwanaume asiyemujua, bwana yake aseme nini? Njo mama moja wa korali akainua kidole.

"Papa Nyota anajua! Kila siku anatusimuliaka vile alipikia batu mu pori ya Shabunda, kamyo ikiwa mu mutope, mupaka akachoma na ile nyoka kubwa."

Maman Nyota, ile nyoka! Nimeisimulia tangu Nyota akiwa mu mugongo yako, na kila mwaka inaongezeka urefu. Siku ile ikanizunguka shingo.

Basi nikaenda. Mugonjwa jina yake Musombwa. Kitanda yake iko karibu ya dirisha, muguu juu, inafungiwa na kamba sawa mukungu ya ndizi yenye kungojea kuiva. Nikamuambia: "Mutoto wangu, usiogope, leo unapata mupishi." Akaangalia abacost yangu, akauliza: "Yuko wapi?"

Nyuma ya hospitali kuko paa moja ya mabati ya manjanja, chini yake mbabula nyingi, ile majiko ya makala, na ku kila mbabula mama moja anapulizia makala. Niliingia na sufuria na mufuko ya unga. Bote bakaacha kupulizia. Kisha mama moja munene, Mushi kwa kabila, wa Walungu, Maman Cibalonza, mwenye kulinda bwana yake aliyepasuliwa tumbo, akasimama.

"Papa, bureau iko upande ule."

"Sitafute bureau. Natafuta moto."

"Ya kuwasha tumbako?"

"Ya kupika bugali."

Mama wee! Moja alianguka juu ya mufuko ya makala.

"Bibi yako alikufa?" Maman Cibalonza akauliza.

"Yuko Mwenga, muzima kabisa."

"Basi alikukimbia."

"Hakunikimbia."

"Ngoja kwanza tuone bugali, njo tutajua."

Nikapika. Sasa nikuambie vile iko: ile bugali ya kwanza ilitoka laini sawa shavu ya mutoto. Harufu ya sombe, ile majani ya mihogo, ikapanda ngazi. Daktari mukubwa mwenyewe akashuka na kanzu yake nyeupe, akachovya kidole, akafunga macho, akasema: "Nani alipika hii? Mumuongeze sufuria!" Musombwa yeye alikula, akatafuna, akatafuna, akauliza: "Papa, kompani ilikutoa juu ya kupika?" Lakini ule anapendaka mizaha. Batu ba zahabu hawana heshima.

Kesho yake njo ile siku yenye Kilosho anasimulia. Alikuwa ameleta mafuta ya mawese ku soko, akapita hospitali kuangalia rafiki. Kweli, alinikuta na Maman Cibalonza. Kweli, mukono yake ilikuwa juu ya mukono yangu, na mikono yote mbili ilikuwa ku mwiko moja. Kweli, tulikuwa tunacheka. Ile yote sikatae. Lakini miye nilikuwa namufundisha! Namufundisha vile siye Barega ba Mwenga tunageuza bugali, na yeye, sawa mutu asiyeelewa haraka, akashika mwiko kwa nguvu na kupiga kelele: "Si vile, Papa! Unalima ao unapika? Zungusha! Ponda ile mawe! Bibi yako alikuwa anakulisha na kijiko?"

Kilosho hakuuliza. Kuuliza inamuumizaka meno. Alipanda kamyo. Kufika Walungu, ilikuwa mukono ku mukono. Kufika Burhale, nilikuwa nimemununulia kikwembe. Kufika Mwenga, kulikuwa tayari mutoto mwenye pua yangu. Hata nyoka yangu haikukomaa haraka hivi! Na weye, Maman Nyota, unajua hii pua. Mungu hakuitengeneza mara mbili.

Sasa utauliza: sawa, hakuna mwanamuke, kazi iliisha, juu ya nini haurudi? Njo hapo nataka Nyota asome pole pole.

Siku moja mvua ilipiga Kadutu, barabara ikawa mutoni. Nikachelewa sana. Nilifika ku hospitali nimelowa mupaka ndani ya masikio, sufuria chini ya abacost, njo mara ya kwanza ukubwa yake ikafaa kitu. Musombwa alikuwa anaangalia mulango. Maman Cibalonza alimupa chakula, akakataa.

"Nilifikiri umekufa," Musombwa akaniambia.

"Ni mvua tu."

"Basi usirudilie." Na akageuza uso ku dirisha, mukubwa muzima mwenye ndevu.

Maman Nyota, nilibeba chai miaka yangu yote. Chai haijaniambia hata siku moja: ulichelewa, nilikungoja. Shefu aliniambia nimechelewa, ndiyo, lakini shefu alikuwa anangoja kamyo. Huyu alikuwa anangoja miye. Nilienda kuketi inje kidogo, nikapangusa macho, nikasema ni juu ya moshi ya makala.

Tangu pale sikuende tena ku mulango ya kompani. Asubui naenda soko ya sombe, nabishana na bauzaji, napanda na sufuria, batu banacheka njiani: "Papa shofere, leo unapakia nini?" Najibu: "Napakia mayele, ile akili yenye kukosa mu kichwa yako!" Napika. Namuogesha Musombwa, mugongo na ule muguu muzima, na yeye anapiga kelele maji ni ya baridi. Juzi aliniambia: "Papa, weye sasa ni mama yangu." Nikamujibu: "Chunga kinywa, ama leo unakula bila chumvi."

Bazee ba kanisa bamoja balinung'unika. Bakaniita, bakasema mwanaume mwenye mvi kuketi ku mbabula na bamama ni aibu ya kanisa. Nikabauliza: Bwana Yesu alipofufuka, kazi yake yote ikiwa imeisha, musalaba umeisha, kaburi imeisha, alirudia kufanya nini? Aliwasha makala pembeni ya ziwa, akachoma samaki, akaita barafiki zake: kujeni mukule. Na hakuna mutu aliyekimbia Nazareti kumuambia Maria: mutoto wako amepata muke! Papa Mutambala mushona-nguo akasimama akasema: "Nipeni miye pia sufuria." Sasa anapikia mugonjwa mwingine. Anaunguza samaki ya sambaza mupaka vyombo zinalia, lakini machozi yake sasa iko na kazi.

Na nikuambie kitu yenye sijaambia mutu. Nikiwa pale nageuza bugali na moshi mu macho, nakuona weye. Miaka yote nilikuwa narudi na kamyo, naketi, napiga masimulizi, bugali inafika, nakula, naendelea na masimulizi. Sikujua kama mukono inaumia vile. Sikujua kama makala inakataaka kuwaka. Mutu wa Shabunda anaijua bugali yangu, Bashi ba Walungu banaijua, na bibi yangu mwenyewe haijue. Hii njo aibu, si ile ya bazee.

Basi usirudi kwa bandugu zako. Kuja kwanza huku. Panda hii kamyo yenye kuleta barua; nilishamuambia shofere akuketishe mbele, si juu ya mifuko. Uone kitanda, uone Musombwa na kamba yake, uone hii Maman Cibalonza. Anakungojea sana, anasema anataka kumupa pole mwanamuke aliyebeba majivuno yangu bila kukodi punda. Daktari anasema kamba itatoka karibu. Siku Musombwa atatembea mwenyewe mupaka ku mulango, siku ile tunarudi Mwenga miye na weye, na kule pia kuko bagonjwa, na sufuria yangu inajua njia. Lakini ukifika hapa usishike kitu. Uketi ku kiti. Miye nitakupikia, na weye utapiga masimulizi.

Unisalimie Nyota, binti yetu, mwenye kusoma hii na kucheka. Najua unacheka, Nyota, acha. Maman Nyota, salimia bwana yake fundi ya baiskeli, mukwe wangu, umuambie breki si kwa mapambo. Salimia mama yako muzee, na tumbako yake nitaleta. Salimia kaka yangu mukubwa, mupiga-ngoma ya kanisa, kama masikio ingali inasikia salamu. Na Kilosho shemeji yangu umusalimie nusu. Nusu ingine nitamupa mwenyewe, uso kwa uso.

Mungu akuchunge barabarani na akushikie ile mugongo.

Ni miye, bwana yako weye peke yako,
Papa Nyota,
zamani shofere, leo garde-malade

Kitu moja tu, juu hii barua Mungu pia ataisoma. Ule daktari hakushuka. Nilimutunga. Mwenye aliomba ile bugali ya siku ya kwanza ni Maman Cibalonza, na hakuomba ya kula: sufuria yake ilikuwa na tundu, akaziba nayo, na mupaka leo haijavuja. Maneno ingine yote ni kweli, hata nyoka. Kiti itangoja kidogo: ukuje na mwiko yako, Maman Nyota, na mukono yako pia.